Paa la targa linagoma kutoka? Soma hapa kabla hujanunua vishikio

KomeoLaMbele (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenye magari ya spoti yenye paa la kutoa kwa mkono: targa za kipande kimoja, T-top za vipande viwili, hata wenye Suzuki Cappuccino ambayo paa lake lina vipande vitatu. Swali linalojirudia ni moja: "Paa langu gumu kutoa, nifunge vishikio gani?" Majibu hayachelewi: vishikio vya kubandika, vikombe vya kunyonya vya mafundi vioo, winchi ya darini. Vyote vina nafasi yake na nitavifikia. Lakini paa lililonata halitoki kwa sababu umelishika vizuri zaidi. Ukilivuta kwa nguvu katika hali hiyo, kinachoachia kwanza ni raba, au rangi ya kona, au gundi inayoshikilia ganda la paa kwenye fremu yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua ugumu unatoka wapi. Ninayo Corvette C5 (kizazi cha tano), ile iliyotengenezwa kuanzia 1997 hadi 2004, ambayo paa lake linafungwa kwa makomeo ya mkono bila spana yoyote, na mengi nitakayosema nimeyafanya kwenye hiyo. Kanuni ni zilezile kwa gari lolote la aina hii.

Anza hivi. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, vioo vyote viwili vishushwe mpaka chini, kwa sababu kwenye magari haya ukingo wa juu wa kioo umeingia kwenye raba ya paa na unalishikilia bila wewe kujua. Fungua makomeo. Kaa kwenye kiti, weka kiganja kilichonyooka kwenye pembe ya mbele ya paa upande wako, sukuma juu taratibu. Usipige kwa ngumi. Sikiliza na uangalie.

Ukisikia mlio wa kitu kinachobanduka, na paa likapanda kidogo kona moja huku nyingine imebaki chini, hiyo ni raba imenata. Kama hakuna mlio, ila tangu mwanzo wenzo wa komeo ulihitaji mikono miwili kuufungua, shida ni urekebishaji wa makomeo. Kama makomeo ni mepesi, raba ni safi, lakini paa limebana upande mmoja tu na linasugua, angalia bodi. Na kama linatoka vizuri ila hujui ulishike wapi ukiwa peke yako, hapo ndipo suala la vishikio linapoanza.

Kwa nilivyoona, kesi nyingi zinaishia kwenye raba.

Raba hizi kwa kawaida ni za EPDM, aina inayovumilia jua na maji vizuri. Zinakaa zimebanwa miezi kwa miezi. Vumbi, nta ya kung'arishia gari na mabaki ya dawa za kusafishia vinajikusanya juu yake vikawa utando unaonata. Pitisha kidole kwenye raba ya fremu ya kioo cha mbele: ikiwa inatoa weusi, na kidole kinakwama badala ya kuteleza, umeshapata jibu. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kitambaa kisichoacha nyuzi, na subira. Ingiza kitambaa kwenye mifereji, hasa kwenye zile kona mbili za mbele ambapo raba ya juu ya kioo inakutana na raba ya pembeni. Uchafu wa kona hizo ndio unaonata kuliko wote, na ndio watu wanauruka. Osha pia upande wa paa unaogusana na raba. Ukiosha raba peke yake umefanya nusu ya kazi. Acha vikauke kabisa.

Kisha grisi ya silikoni, ile nzito ya kupaka. Chukua kiasi kidogo kwenye kitambaa, pitisha, subiri dakika chache, halafu futa ya ziada. Raba ikishakuwa tayari inaonekana nyeusi yenye uhai lakini ukiigusa haiachi alama kwenye kidole. Ikiacha alama umezidisha, na hiyo ya ziada itaishia kwenye kioo cha mbele mvua ikinyesha. Ukitumia ya kupuliza, pulizia kitambaa, usipulizie gari. Na kama unapanga kupaka paa rangi upya, mwambie fundi rangi mapema kwamba raba zina silikoni. Chembe zake zikibaki kwenye bodi, rangi mpya inakimbia na kuacha vidoa vya mviringo.

Hayo ya makomeo nayaandika baadaye jioni, mikono ina grisi.

---

MchanaWazi

Mkuu, haya ni madini. Nina swali kabla hujaendelea. Nimekuwa nikipaka mafuta ya mgando, yale ya ngozi, kwenye raba za Honda del Sol yangu. Zinalainika vizuri kabisa na paa linatoka. Kuna ubaya gani?

---

KomeoLaMbele

Mkuu MchanaWazi, kinachokufurahisha ndicho chenye ubaya. Mafuta ya mgando yanatokana na petroli, na EPDM inaivumilia vibaya jamii hiyo yote: mafuta ya injini, dizeli, grisi ya kawaida ya bearingi. Raba inayafyonza, inavimba na kulegea. Mwanzoni unaona imelainika, kumbe imeongezeka unene na kupoteza nguvu ya kurudi. Baadaye inabaki na mkunjo wa kudumu pale paa lilipoibana, maji yanapita hapo, na wewe unaanza kukaza makomeo zaidi ili kuzuia uvujaji. Paa linarudi kuwa gumu kuliko mwanzo.

Osha yote kwa sabuni, rudia mara kadhaa, kisha uhamie kwenye silikoni. Kama raba bado inarudi kwenye umbo lake ukiibonyeza, umeiwahi.

Sasa makomeo. Ndoano ya komeo mara nyingi ina uzi wa kurekebisha na nati ya kufungia. Kabla hujagusa chochote, weka alama ya rangi kwenye uzi na kwenye nati ili uweze kurudi ulipoanzia. Halafu fanya kipimo cha karatasi. Kata vipande vya karatasi ya kawaida, upana wa vidole viwili. Weka kimoja juu ya raba, funga paa na makomeo yote, kisha kivute. Karatasi inatakiwa itoke kwa kukataakataa, bila kuchanika. Ikitoka bure, pale pamelegea. Ikichanika, pale pamebana kupita kiasi. Zunguka paa lote, kona hadi kona, na uandike ulichoona.

Ukijua ramani ya mbano, legeza nati, zungusha ndoano nusu mzunguko tu, kaza nati, pima tena. Usifanye mzunguko mzima kwa mara moja. Wenzo wa komeo ukiwa sawa unakwenda mwepesi mwanzoni, unaanza kupinga kwenye theluthi ya mwisho, kisha unakaa mahali pake kwa mlio mmoja. Na maungio ya chuma ya wenzo yapewe grisi nyeupe ya lithiamu, tone dogo, isifike kwenye raba.

Kitu kimoja kwa waliobadilisha raba karibuni: raba mpya ni nene na ngumu, paa litakuwa gumu kufunga na kufungua kwa muda. Usilazimishe wala usikimbilie kurekebisha ndoano. Acha paa limefungwa gari likikaa juani, raba ichukue umbo, ndipo upime kwa karatasi.

---

BoltiNne

Wakuu, ninyi wa makomeo mna raha. Mimi nina Toyota Supra A80 yenye paa la targa. Linashikwa na bolti nne, na gari lilikuja na spana yake ndogo ya kufungulia. Kila nikitaka upepo nakaa na racheti kama niko gereji. Nimeona watu wanatoa bolti na kuweka skrubu zenye kichwa kikubwa cha kuzungusha kwa mkono. Mbili mbele, mbili nyuma, unazungusha kwa vidole, paa limetoka. Nakaribia kuziagiza. Nani ametumia?

---

Mzee wa Chesisi

Mwanangu BoltiNne, subiri kwanza, usiagize.

Paa la bolti halikufanywa la bolti kwa uvivu wa wahandisi. Gari likikatwa paa linapoteza kiungo kilichokuwa kinafunga sehemu ya mbele na ya nyuma kwa juu. Njia ya kuirudisha nguvu hiyo ndiyo inayoamua paa litafungwaje, na Corvette ni mfano mzuri kwa sababu imepitia njia zote.

C3, yaani kizazi cha tatu kilichoanza na toleo la 1968, ilikuja na vipande viwili na mwamba katikati, ndiyo T-top tunayoijua. Wazo la awali lilikuwa kipande kimoja, lakini bodi ilijipinda na kulialia, wakaongeza mwamba wa kuunganisha fremu ya kioo na upinde wa nyuma. Kwenye C4 ya 1984 jambo hilohilo lilirudi kwa sura nyingine. Gari lilianza kubuniwa na mwamba wa T, ukaja uamuzi wa kuutoa ili paa liwe kipande kimoja. Mwamba ulipoondoka, vizingiti vya milango vikapandishwa juu sana, ndiyo maana kuingia C4 ni shughuli, na paa likafungwa kwa bolti ili nalo lisaidie kukaza bodi. Halafu C5 wakaanza upya: mihimili miwili ya pembeni iliyofinyangwa kwa shinikizo la maji, mirefu toka mbele hadi nyuma, pamoja na mgongo imara wa katikati. Chesisi ikawa ngumu kiasi kwamba paa likabaki kazi ya kuziba mvua na upepo. Ndipo makomeo ya mkono yakawezekana.

Kwa hiyo mleta uzi anafungua kwa mkono kwa sababu chesisi yake inamruhusu. Gari la bolti linataka bolti zikazwe kwa kiwango cha kiwanda, na vidole vya binadamu havifikii kiwango hicho hata ukijitahidi vipi. Kichwa kikubwa kinakudanganya kwamba umekaza.

---

BoltiNne

Shikamoo mzee. Nimekuelewa vizuri. Lakini basi sisi wa bolti tufanyeje? Ndiyo tumehukumiwa?

---

Mzee wa Chesisi

Marahaba mwanangu. Hamjahukumiwa. Bolti inayochosha mara nyingi ni bolti chafu. Itoe, isugue uzi wake kwa brashi ya waya laini, futa matundu ya upande wa bodi kwa kitambaa kilichoviringishwa. Ukiiona imeliwa uzi, badilisha kwa ya aina ileile, urefu uleule. Bolti safi ikishalegea kwa spana inatoka kwa vidole vitupu.

Wakati wa kurudisha ndiko watu wanakojitesa. Wanakaza ya kwanza mpaka mwisho, kisha wanashangaa ya nne haioni tundu lake. Lalisha paa, anza bolti zote nne kwa vidole, mizunguko miwili mitatu kila moja, paa likiwa bado linacheza. Lisogeze likae katikati ya nafasi yake. Ndipo ukaze kwa mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia, halafu zile nyingine, kwa awamu mbili, ukimalizia kwa spana ya kupimia mkazo kwenye namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Grisi kwenye uzi usiweke kama kitabu hakisemi, maana uzi uliolainishwa unakazika zaidi kwa namba ileile.

Na racheti nunua yenye kichwa chembamba na mpini mrefu kidogo. Ile ndogo ya kiwandani iache kwenye gari kwa dharura.

---

UpepoWaPembeni

Naongezea ya mzee. Gari langu la bolti nililinunua likiwa tayari lina hizo skrubu za kuzungusha kwa mkono. Barabara mbovu paa lilikuwa linatoa mlio wa kusuguana juu ya kichwa, na kwenye rangi ya upinde wa nyuma pakawa na mstari uliofifia pale paa lilipokuwa linatembea. Nilirudisha bolti za asili, mlio ukaisha siku hiyohiyo.

Pia wote tukumbuke: gari likienda kasi, hewa inayopita juu ya paa ina shinikizo dogo kuliko iliyo ndani, kwa hiyo paa linavutwa juu muda wote. Kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Chochote utakachobadilisha kwenye ufungaji, kipime kwa hilo.

---

NyotaYaT

Hamjambo wote. Mimi nina Toyota MR2 ya SW20 yenye T-bar, vipande viwili vya kioo. Uzito si tatizo kwetu, kila kipande unakibeba mwenyewe. Tatizo letu ni raba ya katikati, pale kipande kinapokutana na mwamba. Maji na uchafu vinakaa hapo, kioo kinanata upande wa ndani wakati upande wa mlango umeshaachia. Ukivuta kwa hasira unapinda kile kipande wakati ukingo wa ndani bado umeshikwa, na kioo hakipindi.

Ninachofanya: nikishafungua komeo, naingiza kadi ya plastiki laini iliyofungwa kitambaa chembamba chenye silikoni, naipitisha taratibu kwenye mstari wa mwamba toka mbele kwenda nyuma. Raba inaachia yenyewe. Baada ya kusafisha vizuri kama mleta uzi alivyoeleza, ile kadi nimeihitaji mara chache sana.

Na kwa wenye paa la plastiki angavu: msitumie dawa ya vioo yenye amonia. Inafifisha plastiki na kuijaza nyufa nyembamba kama nywele. Maji, sabuni laini na kitambaa laini vinatosha.

---

KomeoLaMbele

Dada NyotaYaT, hiyo ya kadi nzuri, hata kwenye targa inafaa kwa zile kona za mbele.

Sasa nifike kwenye kupinda kwa bodi, kisha kushika, kwa sababu watu wamenifuata pembeni wakiuliza.

Bodi. Usitoe wala usirudishe paa gari likiwa limepanda tairi moja kwenye ukingo wa barabara, au likiwa kwenye jeki upande mmoja. Mlango wa paa, yaani ile nafasi ya wazi, unabadilika umbo. Si kwa kiasi cha kuona kwa macho, lakini raba na pini za kuongozea zinahisi. Paa lililotoka kwa shida kwenye mteremko linaweza kutoka laini kabisa gari likisogezwa kwenye tambarare. Jaribu hilo kabla ya kufungua nati hata moja. Na gari likiwa halina paa, usilipandishe jeki kona moja; ukilishusha unaweza kukuta paa halikai. Kama gari liko tambarare na bado paa linabana upande uleule kila siku, tazama nafasi kati ya paa na fremu ya kioo, kushoto na kulia. Zikitofautiana sana, na milango nayo ina nafasi zisizolingana, gari hilo huenda liliwahi kugongwa na kunyooshwa. Kazi hiyo inataka fundi bodi mwenye vipimo.

Kushika. Hapa ndipo nina jambo langu ninalolipenda.

Paa la kipande kimoja ni pana kuliko zito. Ukisimama upande mmoja wa gari, ukingo wa karibu uko mikononi mwako, na ukingo wa mbali hauufikii. Ukiinua, ule wa mbali unabaki nyuma, unashuka, unasugua kona ya nguzo ya kioo au upinde wa nyuma. Alama zote za rangi kubanduka nilizoziona kwenye targa zinazotolewa na mtu mmoja ziko upande wa mbali na dereva. Kishikio cha kubandika upande wako hakigusi tatizo hilo. Vikombe vya kunyonya vinasaidia kama uso ni laini na safi, lakini kwenye paa lenye mviringo au rangi yenye vumbi vinaachia bila taarifa, kwa hiyo sivitegemei peke yake.

Ninachotumia ni mkanda mpana wa turubai, aina ya mikanda ya mabegi ya safari, wenye kitambaa laini cha manyoya upande unaogusa rangi. Kwanza natafuta mstari wa mizani wa paa. Paa likiwa limetolewa na msaidizi, lilaze juu ya mpini wa ufagio uliofungwa taulo, mpini ukiwa umekaa kukatiza upana wa paa, lisogeze mbele na nyuma mpaka litulie. Weka alama ya utepe upande wa ndani, kushoto na kulia. Kwenye gari langu mstari huo hauko katikati kama jicho linavyodhani, na ukiukosa paa linainamisha pua.

Siku ya kutoa ukiwa peke yako: vioo chini, mkanda unapita ndani ya gari chini ya paa, kwenye zile alama, unatokea milango yote miwili, unakutana juu ya paa na kufungwa buko. Chomoa ncha ya upande wa mbali ndefu, ije mpaka upande wako. Kunja taulo mbili, moja juu ya kona ya mbali ya fremu ya kioo, nyingine juu ya upinde wa nyuma. Vua saa, pete na mkanda wenye buko la chuma. Ukiwa ndani ya gari fungua makomeo, sukuma raba iachie kona zote mbili za mbele, paa liache likae lilipo. Toka nje. Mkono mmoja ushike ukingo wa karibu, mwingine uvute ile ncha ndefu. Ukivuta, upande wa mbali unainuka wenyewe. Inua mbele kwanza, songeza paa mbele ili nyuma ichomoke mahali pake, na sasa lote liko huru, limening'inia kwenye mkanda na kuegemea mkono wako. Geuka nalo, lipitishe.

Kukiwa na upepo, acha. Paa ni pana na upepo utaliona kabla yako.

---

KapiLaDarini

Mkuu, mkanda huo huo ndio nautumia na kapi. Nimefunga kapi kwenye boriti ya gereji, si kwenye ubao wa dari, na kamba inaishia kwenye upau wa mbao wenye mikanda miwili, mmoja mbele ya mstari wa mizani na mwingine nyuma, ili paa lisizunguke likiwa hewani. Raba lazima iachiwe kwa mkono kabla ya kuvuta kamba. Kapi halihisi kitu kilichonata, litaendelea kuvuta mpaka kitu kikatike.

Kamba funga kwenye ndoano ya ukutani, na usiache paa limening'inia juu ya gari usiku kucha. Likishafika juu mimi nasukuma gari nje, nalishusha paa kwenye magodoro.

---

MchanaWazi

Na ukishalitoa unaliweka wapi? Del Sol yangu ina fremu yake ndani ya buti, nashukuru. Kuna wenzetu walipata ile yenye mikono ya umeme inayotoka kwenye buti na kulichukua paa yenyewe.

---

Mzee wa Chesisi

Hilo nalo lina historia yake. Triumph TR4 ya 1961 ilikuwa na kipande cha juu cha kutoa, lakini ndani ya gari hakikuwa na pa kukaa. Ulikiacha nyumbani na kubeba turubai la kufunika mvua ikija. Porsche walipoonyesha 911 Targa huko Frankfurt mwaka 1965, paa lao lilikuwa la kukunjika ili liingie kwenye buti la mbele. Paa la Porsche 914 likawekwa kwenye buti la nyuma, la Fiat X1/9 kwenye buti la mbele, la Honda NSX-T chini ya kioo cha nyuma. Kila mbunifu alitafuta pa kulilaza likiwa limeshikwa pande zote.

Nanyi fanyeni hivyohivyo. Likiwa kwenye gari lifungwe kwenye nafasi yake ya kiwandani, lisiwe huru nyuma ya viti. Ukifunga breki ghafla litakuja mbele. Likiwa nyumbani lilale kwenye godoro au lisimame kwenye vishikio vya ukutani vyenye sponji, lakini lisiegemee pini wala ndoano, maana zikipinda kidogo tu mnaanza upya na kipimo cha karatasi. Na lisiwe juani peke yake.

---

SitaNaMbili

Kwa wenye Corvette C6: kabla hamjaanza kuvuta paa la rangi ya bodi, hakikisheni namba ya chesisi imeangaliwa kwa wakala. GM, watengenezaji wa Corvette, waliyaita magari ya miaka ya mwanzo yarudi kwa wakala kurekebishwa, kuanzia toleo la 2005, kwa sababu ganda la paa lingeweza kuachana na fremu yake kwenye gundi. Dalili ni mlio wa kukatika ukipita kwenye matuta, kelele ya upepo iliyoongezeka, paa linalocheza ukifunga mlango, au maji kwenye kitambaa cha dari. Ukiona mojawapo, usilitoe kwa kulivuta kwenye ganda, na usiendeshe nalo kasi.

---

BoltiNne

Mrejesho. Nimesafisha bolti na matundu, nimeanza zote nne kwa vidole kama mzee alivyoelekeza. Tofauti ni kubwa. Skrubu sikuagiza tena. Nimefanya na kipimo cha karatasi: mbele yote inakataa vizuri, nyuma kushoto inatoka bure, nyuma kulia inachanika. Bolti zote ziko kwenye mkazo wa kitabu. Hapo nirekebishe nini?

---

KomeoLaMbele

Mkuu, kwenye paa la bolti usicheze na mkazo ili kusawazisha raba. Toa paa, paka chaki nyeupe juu ya raba yote ya nyuma, rudisha, kaza kama kawaida, kisha toa tena utazame chini ya paa chaki imehamia wapi. Kulia utaona mstari mpana, kushoto mwembamba au hakuna. Halafu bonyeza raba ya kushoto kwa kidole: kama imelala na haipandi, ibadilishe hiyo raba. Kama iko hai pande zote mbili, legeza bolti zote nne, sogeza sehemu ya nyuma ya paa kidogo kuelekea kushoto ndani ya nafasi ya matundu, ukaze upya kwa mshazari, na urudie chaki. Futa chaki yote ukimaliza, inakwangua rangi ikibaki.

Ukishapata matokeo yaweke hapa pamoja na picha ya mstari wa chaki, kuna wenye Supra A70 wanaofuatilia.